Matofali Kabla ya Kutosha Kilio

Sikuota, wala sikusimuliwa. Nilikuwepo, tena nikiwa na akili zangu zote.

Walipobomoa ule ukumbi wa zamani wa matofali mekundu pale mjini, ambamo wazazi wetu wengi walifanyia sherehe za ndoa, watu wa Lubumbashi waliweka kilio kama cha mtu. Viti vilikodiwa. Wanawake wa Katuba walikaa chini kwenye mikeka, wakaimba. Unacheka? Hata mimi nilitabasamu. Siku ya pili walinzi wa kiwanja wakawafukuza. Kila mtu akarudi kwake, na hakuna aliyeondoa matanga. Sisi husema, kilio hakikutoshwa.

Kwetu, kabla ya kutosha kilio, vitu vya marehemu havigawiwi. Lakini nani angefikiria matofali? Jirani yangu wa Ruashi, Mama Agnès, mjane, alinunua shehena nzima ya matofali ya ukumbi ule. Alikuwa amepanga chumba kimoja na wanawe wote, akitaka kuhamia kwake kabla ya mvua.

Jioni moja, jua bado liko, nikiwa naye penye kuta zake mpya, akaja mzee mwenye koti jeusi la zamani, safi kabisa. Akatupa mkono wa salamu. Ulikuwa baridi, ukaniachia vumbi jekundu kiganjani.

"Mama, kilio ilishaisha?"

"Kilio ya nani, papa?"

"Ya ile nyumba ya mu ville. Naona muko munagawanya bintu yake."

Mama Agnès akacheka. "Nyumba nayo iko na famille? Ikuye basi, tutaipa chai."

"Famille ni mimi," mzee akasema. "Nitangojea ndani."

Akaingia. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, na madirisha yamezibwa kwa mabati. Tulingoja mpaka kicheko kikamwisha Mama Agnès. Nilipoingia hapakuwa na mtu. Mchanga wa sakafuni ulikuwa laini, bila alama hata moja ya kiatu.

Amini usiamini, tangu hapo kuta zile hutoka maji kila jioni, hata kiangazi. Saruji haishiki. Fundi wa kwanza aliacha kazi. Wa pili hakurudi hata kuchukua mwiko wake. Pasta aliomba, kuta zikaendelea. Mama Agnès alijaribu kuwakusanya watu wakae tena, kilio kitoshwe, lakini kiwanja kimezungushiwa ukuta, na waliolia wamekwisha kuzoea. Mvua zimemkuta katika chumba kilekile cha kupanga, na mwenye nyumba anataka atoke.

Kwenu pia lipo jumba la kale linalongoja zamu yake. Likianguka, lilieni mpaka mwisho. Mkifukuzwa, kaeni barabarani. Tofali lisiguswe kwanza.