Dua ya Vifaru

Nakiri, ulimi wangu ndio ulioniponza. Mtoto wa Bi Mwanasha, jirani yangu hapa Waa, ni fundi wa serikali. Alipokuja kuaga alininong'oneza: "Ustadhi, niombee dua. Tumeletewa vifaru vikuukuu kutoka ng'ambo, tunavitia nguvu mpya."

Alisema "vikuukuu", hakusema "wazee". Nami, mwalimu wa lugha nisiyesikia lugha, nikanyanyua mikono mbele ya majirani: "Yaa Rabbi, vifaru hawa wazee wape malisho mema, waepushe na majangili!"

Wote wakaitikia amina, isipokuwa yule fundi.

"Mwanangu, mbona kimya?" mamake akamwuliza.

"Mama, ni vifaru vya vita. Ninakwenda navyo mpakani."

Mikono ya Bi Mwanasha ilikuwa bado juu. "Ustadhi," akaniambia, "anza upya."