Keria ya Kabiru

Mume wangu Kabiru hajawahi kuwa mtu wa michezo. Kwa hivyo mwaka wa 2017, uchaguzi ulipokaribia, aliponiambia twende mjini Eldoret tukachague baiskeli ya milimani, nilijua ni hofu iliyokuwa ikimtuma. Nami nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaanza kulala na viatu.

Muuzaji alikuwa na maneno mengi. Akasifu gia, akasifu shoki, akasifu tairi pana zenye meno. Kabiru hakumsikiliza. Alizigonga fremu kwa ukucha akitafuta ya chuma, maana alumini mafundi wetu hawaichomelei, kisha akaniambia nikalie bomba la mbele, duka zima likitutazama. Alitaka kujua kama itapanda mlima na watu wawili. Muuzaji akacheka, akasema hiyo ni ya mtu mmoja. Kabiru akainunua.

Acha nieleze habari ya mguu wangu. Mwanzoni mwa 2008 tulikuwa tukilima viazi karibu na Burnt Forest. Tulipochomewa nyumba katika vita vya baada ya uchaguzi tulikimbilia barabara kuu kwa pikapu ya jirani, tukaikuta imefungwa kwa mawe na matawi, vijana wamesimama na mishale. Tuliruka tukakimbia kati ya mabua ya mahindi, na hapo ndipo goti langu lilipovunjika. Kabiru alinibeba mpaka mgongo ukamshinda, akanilaza mtaroni na kunifunika kwa mwili wake hadi kukapambazuka. Hatukurudi, tulipanga nyumba Kapsoya, pembezoni mwa Eldoret. Tangu hapo aliapa kwamba vita vikitokea tena hatapita barabarani, na hataniacha.

Opondo, fundi wa kuchomelea kule Huruma, alitutengenezea keria ya nyuma nzito kama kitanda, akinitania kwamba mama mzima naenda mashindano. Sikucheka.

Tulifanya mazoezi mchana kwenye njia za ng'ombe nje ya Kapsoya. Zilikuwa mawe, mizizi na makorongo matupu. Nilishika mshipi wake na kumtukana kila tulipodunda, naye akikanyaga tu, jasho likimtoka. Siku moja tulikuwa tukiteremkia kijito chenye daraja la magogo, na mbele yetu nikaona matawi mabichi yamelazwa njiani. Kando yake walisimama wanaume watatu, mmoja na panga mkononi.

Kabiru alikata usukani tukaingia kichakani, mteremko ukatuchukua, breki zikapiga kelele, tukatumbukia majini. Niliangukia goti lile lile.

Wanaume wakaja mbio. Nilifunika uso kwa mikono nikaanza kusali. Mmoja wao akaingia majini na kuinama.

"Pole, Mama," akasema. "Daraja ilienda na maji. Tuliweka matawi ndio watu wasianguke."

Kila mtu Kenya anaijua alama hiyo. Gari likikwama barabarani, dereva hukata matawi na kuyaweka nyuma yake ili wengine wajihadhari. Kabiru aliijua tangu utotoni, nami pia, lakini siku hiyo hakuna kati yetu aliyeikumbuka.

Mtu huyo aliitwa Gideon. Kwa kuwa sikuweza kukanyaga, alinibeba mgongoni. Kabiru alifuata akisukuma baiskeli, keria tupu. Tulipoanza kuona mabati ya Kapsoya, Kabiru akauliza kwa sauti ya chini, "Gideon, ile mwaka ya vita ulikuwa wapi?"

Nilihisi pumzi ya Gideon ikisimama chini ya kifua changu.

"Barabarani, Mzee," akasema. "Kule Burnt Forest."

Nilitaka kushuka, Mungu anajua jinsi nilivyotaka, lakini mguu ulikuwa umekataa. Nikamshika Gideon shingo kwa nguvu zaidi, naye akanibeba hadi mlangoni kwetu.