Kuti la Kumi na Saba

Jumatano, tarehe 8 Mei. Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikakatika saa mbili, shamba likabaki linafuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa.

Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea. Mimi niliishia darasa la saba tu, na kazi yangu katika shamba hili la michikichi, upande wa Fukayosi, ni kushika daftari na futikamba. Michikichi yetu haikupandwa ili ikamuliwe mawese. Imekusanywa kutoka Kigoma, Pemba na nyua za watu wa pwani hii, mbegu zake zisije zikapotea. Tunaipima tujue upi una lake na upi unarudia la mwenzake. Miwili ikifanana kabisa, mmoja hung'olewa, kwa kuwa nafasi ni finyu.

Mti wa mwisho wa mstari wa nne ulikuwa ung'olewe kesho. Haujaanza kuzaa, kwa hiyo shahidi wake ni makuti tu, na daftarini kwangu makuti yake na ya jirani yake yalikuwa pacha. Mbegu yake niliipokea mimi mwenyewe, nilipomsindikiza mtaalamu wetu Mlingotini kwa bibi mmoja aliyekuwa na mchikichi nyuma ya jiko. Bibi alitupa kichane cha chikichi akasema, "Mti ukifa msije kuniambia." Mchikichi wake ulikatwa, pamejengwa nyumba. Wa uzao wake uliobaki duniani ni huu wetu.

Asubuhi nilitumwa kwenda kuuvua kibao cha namba. Nikasimama. Sijui kwa nini nilitazama juu.

Hapa nieleze. Hatupimi kuti lolote. Tunapima la kumi na saba, ukihesabu kutoka lile changa lililokwisha funguka. Makuti ya mchikichi yanajisokota: chini ya la kwanza, kando kidogo, liko la tisa, chini ya la tisa, kando vilevile, liko la kumi na saba. Tukishalipata, fundi wa panga hulikata, mimi napima. Kigutu hubaki mtini.

Kigutu cha jirani kilikuwa kwenye mstari wake wa makuti. Cha mti wa bibi kilikuwa nje ya mstari, upande mwingine kabisa.

Fundi wa panga alinikuta nikizunguka.

"Mama karani, unautafutia mchumba?"

"Njoo utazame. Huu unajisokota kwenda wapi?"

Akainua macho. "Kushoto."

"Na mimi nilihesabu wapi?"

"Kulia. Wewe kila mti kulia."

Kweli. Nimelelewa hivyo: kula kwa kulia, kuvaa kuanzia kulia, kuingia msikitini kwa mguu wa kulia. Nikifika kwenye mti nasema bismillahi na kushika kulia. Haikunijia kwamba mingine imeumbwa kuzunguka kushoto, na kwamba kwa hiyo kuti nililolipima silo la kumi na saba.

"Sasa mti nao unakula wali, uanze kulia?" fundi akacheka.

"Na wewe ulikuwa unakata tu!"

"Mimi nakata nilipoonyeshwa. Ningekata hata mguu wako."

Nikamfuata mtaalamu bandani. Ni mama wa makamo, haongei sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Nikamweleza yote. Akafunga kalamu. "Labda sikukuonyesha vizuri."

Ningeweza kuliacha lipite. "Ulinionyesha, mama. Siku ya kwanza. Niliitikia tu, sikuelewa, nikaona haya kuuliza."

"Basi na mimi niliona unaitikia, nikaridhika. Ipo mingapi ya kushoto?"

"Sijui."

"Hilo ndilo jibu la leo. Chukua futikamba. Anza na wa kesho."

Tukaanza na wa bibi. Kuti la kumi na saba la leo si lile la siku ile, makuti mapya yameshafunguka, kwa hiyo ilibidi tukate na la jirani tupime yote mawili upya. Mtaalamu alihesabu mwenyewe, mimi nikahesabu nyuma yake, fundi akakata. Shina la kuti la bibi lilikuwa pana kuliko la jirani, na vijani vya pembeni vilizidi sana. Nilivihesabu mara tatu, maana nilijua ninachokitaka na sikujiamini.

"Huu si pacha wa mtu," alisema mtaalamu. "Rudisha kibao."

Nilikifunga kwa waya, kisha nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa mvua.

Nisiandike la furaha tu. Mchana tulifika mstari wa pili, kwenye mti ambao vipimo vyangu viliwahi kuufanya usifiwe mbele ya wageni. Nao ni wa kushoto. Tulipopima sawasawa, ukawa wa kawaida kama wenzake. Nimeandika hivyo hivyo. Imebaki mistari sita, na mtaalamu amesema hakuna mti utakaong'olewa hadi yote ipimwe upya.

Nyumbani mume wangu aliuliza kwa nini sketi ina matope nyuma. Nikamsimulia, akacheka hadi akapaliwa. Tulikula muhogo wa nazi na vibua vya kukaanga, na wanangu wakagombea ukoko. Nilikula sana. Kwa mkono wa kulia.