Kanda ya Shemeji

Mtaani walimwita Bwana Kelele, naye alilipenda jina hilo kwa sababu hakuwahi kulielewa. Alikuwa na lebo ya muziki. Lebo yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma, deki mbili za kunakilia kanda, kopo la lakiri nyekundu ya kufungia makasha, mhuri wake, na meza ambayo mkewe aliihitaji jikoni miaka yote bila kuipata. Alitoa muziki usio na wimbo wala mdundo: feni mbovu, bomba linalokohoa, mlango wa chuma ukifunguliwa polepole upande mzima wa kanda. Wanamuziki wengine walimkwepa kama dimbwi.

Kila toleo lilikuwa nakala thelathini, basi. Hapo ndipo ilipokuwa dini yake. Nakala ya mwisho ikishafungwa kwa lakiri, aliwaita marafiki, akaiweka kanda mama, ile iliyozaa nyingine zote, akaifuta mbele yao mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe hakujiwekea hata moja. Kwenye kila kasha alichapisha maneno aliyoyatunga: "Kisichoweza kupotea hakina thamani." Wanunuzi waliyapenda maneno hayo, pengine kuliko muziki.

Toleo lililomtoa kimasomaso lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Alimtegea kinasa sauti karakanani siku nzima. Shemeji alikata mabati, akagombana na nyundo, akacheka peke yake, na mwishoni akamwita mkewe: "Mama watoto, hiyo chai unaipika au unaitunga?" Bwana Kelele alitaka kuikata sauti hiyo, kisha akaiacha, akisema ni ajali yenye maana.

Dada alicheka mpaka akaketi. "Kaka, watu wananunua kelele za mume wangu? Mimi nazipata bure, na nimechoka." Alipopewa nakala, aliirudisha. "Wape wenye njaa nazo."

Mwaka uliofuata shemeji alianguka karakanani, asiinuke tena. Wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, dada alikuja akasimama mlangoni pa lebo.

"Kaka, nataka kumsikia. Hapo kwenye chai tu."

"Nitakuletea," alisema Bwana Kelele, kwa kuwa ulimi hauna mfupa.

Akaanza kutafuta. Wanunuzi wengine walikuwa wamehama, wengine hawakupokea simu. Mmoja alikuwa amerekodi mahubiri juu ya kanda hiyo, na kwa ukarimu akajitolea kumpa mahubiri. Akabaki daktari wa meno, aliyenunua kila toleo na kulipanga kwenye kabati la kioo katika chumba chake cha kazi.

"Ipo," alisema daktari, akiitoa kwa vidole viwili. Lakiri ilikuwa nzima.

"Hujaifungua?"

"Ndugu yangu, nani anafungua?"

"Sasa umeisikilizaje?"

"Nimesoma ulichoandika."

Bwana Kelele akaeleza: kifo, dada, chai. Daktari alivua miwani, akasikitika kwa dhati. "Pole sana. Lakini unaona mwenyewe. Ni ya mwisho, na mwenye sauti hayupo. Nikivunja lakiri, nimeiua."

"Nitakuwekea lakiri nyingine, daktari. Mhuri si wangu?"

"Hiyo sasa itakuwa ya kughushi. Na wewe ndiye uliyetufundisha." Akaligeuza kasha, akamsomea maneno yake taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto. "Maneno mazito haya. Nawasomea hata wagonjwa."

Nguruwe hukaangwa kwa mafuta yake. Bwana Kelele alishukuru, akampisha mwanamke aliyeshika shavu.

Alimkuta dada yake jikoni. Redio ya kaseti, ya kuazima kwa jirani, ilikuwa mezani juu ya kitambaa safi, betri mpya ndani. Akamweleza yote, pamoja na kanda mama na jinsi alivyoifuta watu wakipiga makofi.

Dada alifungua redio kwa nyuma, akaanza kutoa betri mojamoja.

"Kwa hiyo mume wangu yupo kwenye kabati la daktari wa meno."

"Ndiyo, dada."

"Yeye angalau hakumfuta."

Kisha akammiminia chai, kwa sababu kaka ni kaka, akaiweka mbele yake bila kumkaribisha. Bwana Kelele akanywa. Jikoni kulikuwa na kimya ambacho siku nyingine angekitegea kinasa sauti.