Hita Iliyopuliza Baridi Juu ya Vifaranga

Mwaka wa 1953 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo taabu zangu zilipoanza. Baba alichukuliwa na askari, hakurudi, na shamba letu likaenda. Nikatoka darasa la pili nikijua kuandika jina langu na kuhesabu mpaka mia, nikadandia malori mpaka huku Eldoret kuosha trekta za mzungu. Nasema mapema ili wasomi wajue: mambo ya injini sikufundishwa na mtu. Niliyaiba kwa macho.

Uhuru ulipokuja wazungu wakaanza kuuza, nasi tukachanga watu wengi tukanunua shamba upande wa Ainabkoi. Fungu langu lilikuwa ekari nne. Huko juu mahindi yanakaa shambani karibu mwaka mzima, na mtu hawezi kungoja mwaka mzima na tumbo. Mimi na mke wangu tukaamua kufuga kuku wa mayai. Vifaranga wa siku moja walikuwa wanakuja Eldoret kwa gari moshi, ndani ya maboksi yenye matundu. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya maana; baridi ya njiani inammaliza. Lakini mimi nilikuwa na pikapu, tena yenye hita, niliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga mizigo. Siku nilipoinunua ile hita ilinivua koti. Nikamwambia kila mtu kwamba vifaranga wangu watasafiri kama wakubwa.

Basi wakaja, mwezi wa Julai, na mvua. Nikapanga maboksi mbele, pale miguuni, nikafungua hita yote. Ikapuliza baridi. Si uvuguvugu, ni baridi ya kisima. Nikasema itashika moto mbele ya safari. Nilipokaribia nyumbani kelele za ndani ya maboksi zilikuwa zimepungua, nikadhani wamelala.

Mke wangu alikuwa ameshawasha jiko la makaa la kuwaotesha moto. Akafunua boksi la kwanza, akaniangalia.

"Baba watoto, umeniletea mbegu ama kitoweo?"

Walipona wachache sana. Vifaranga wengine tulikuwa tumeagiza waje mwezi uliofuata. Akaniambia, "Hao nao wakifa, mimi narudi kupalilia kwa watu." Huyo mama alikuwa amepalilia mashamba ya watu tangu utoto wake, na nilikuwa nimemwapia siku ya kununua ekari zetu kwamba hatainama tena kwa shamba la mtu. Sasa kiapo changu kilikuwa kinategemea hita.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza, hapo mjini, alisema maji yamepungua. Akaongeza maji. Baridi. Wa pili alisema feni inazunguka kinyume, akageuza nyaya, sasa hita ikawa inanimwagia vumbi usoni, tena vumbi baridi. Nikaenda mpaka mji wa Turbo kwa fundi aliyesifiwa na wenye malori. Yeye alisema paipu zimeziba. Akazipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, akameza kutu, akatema, akafunga tena. Baridi.

"Bwana, hii hita ilizoea mzungu," akaniambia.

"Hita haijui rangi ya mtu. Wewe ndiye hujui kazi."

Wa nne alikuwa mzee mmoja kutoka Magharibi, aliyefanya kazi miaka mingi kwa gereji ya wazungu. Alikuwa anakaa kwa kiti karibu na stesheni. Huyo hakushika hata spana. Alinifungulia boneti, akashika paipu ya juu ya rejeta.

"Umetoka wapi?"

"Ainabkoi."

"Injini imetoka Ainabkoi, na hii paipu naishika hivi kama mkono wa mtoto? Thamostati iko wapi?"

Thamostati ni kile kizibo kidogo chenye springi, kinachozuia maji yasikimbilie kwa rejeta kupozwa kabla injini haijashika moto. Siku zile kila aliyejiita fundi alikuwa anakitoa, eti ni kitu cha Ulaya, hapa kwetu kitachemsha gari. Na mimi changu nilikitoa kwa mikono yangu wiki ya kwanza. Tena nikawatolea majirani wawili, nikajisifu.

"Sijui, Mzee. Labda ni mzungu alitoa."

Akapitisha kidole juu ya zile bolti. "Ni mzungu gani huyo anafunga bolti kwa patasi na nyundo?"

"Basi ni mimi."

"Afadhali umesema. Injini yako inaoga maji ya mto kila dakika, itatoa jasho wapi? Na kwani Ainabkoi si nchi ya baridi? Enda ukaitafute."

Niliipata kwa mkebe wa misumari. Mzee alikuwa ameniambia niitumbukize kwa maji yanayochemka. Ikifungua mdomo, ni nzima. Mke wangu ndiye aliyeishika kwa waya juu ya sufuria. Ikafungua polepole.

"Kumbe hii ilikuwa nzima," akasema. "Basi mgonjwa alikuwa nani?"

Nilikata gasiketi ya kuzuia maji yasivuje kwa kipande cha boksi la vifaranga, nikairudisha, na safari hii nikafunga bolti kwa spana.

Vifaranga wengine walipofika nilipanda nao vioo vimefungwa, jasho likinitiririka mpaka kwa macho, na kelele zao hazikupungua hata kidogo. Mke wangu alifunua boksi, akawahesabu mmoja mmoja. Waliokufa walikuwa wawili tu.

"Lete lile lingine," akasema.

Hakupalilia tena kwa mtu. Wale majirani wawili sikuwaambia kitu; waliendelea kuendesha wamevaa makoti mawili mawili, nami nikiwapungia mkono.

Leo nina ekari kumi na moja, na hati ni kwa jina langu. Nina nyumba ya mawe, ng'ombe saba wa maziwa, trekta moja, na vyumba sita vya kupangisha kule Kapsoya. Mabanda mawili ya kuku ni ya mke wangu.