Siku ya Kuosha Tangi

Nimejifunza kazi hii peke yangu, na ninalisema mapema kwa sababu hofu yangu nyingi inatoka hapo. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nina kompyuta iliyokwishatumiwa na mwingine, programu ya bure ya kupimia nguvu za majengo, na chumba Mji Mkongwe ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Shangazi yangu wa Kidichi alipotaka kujenga tangi la maji la zege chini ya ua wake, nilimwomba hesabu zake nizifanye mimi. Nilitaka angalau mtu mmoja aamini kwamba naweza. Akaniamini pale pale, na hilo likanitisha zaidi.

Tangi lililofukiwa halina raha. Udongo unalisukuma pande zote, na kadiri unavyoshuka ndivyo msukumo unavyozidi. Ndani, maji nayo yanasukuma kwenda nje. Kazi yangu ilikuwa kuuchora ukuta kwenye programu, kuugawa vipande vidogo vidogo, kuutwisha mizigo hiyo miwili, kisha kutazama rangi: buluu ni salama, nyekundu ni hatari.

Ukuta wangu ulikuwa buluu tangu siku ya kwanza. Mwingine angefunga kompyuta akaenda kula urojo. Mimi niliugawa vipande vidogo zaidi. Jibu likasogea kidogo, nikaugawa tena. Kwa wiki tatu niligombana na nafsi yangu juu ya tarakimu ya tatu baada ya nukta, na huku udongo wenyewe niliupima kwa kuufinya kiganjani. Ni kinamo, ule udongo mzito wa bondeni unaong'ang'ania jembe.

Siku moja kabla ya kumwaga zege nilikwenda kutazama. Shimo lilikuwa tayari na fundi alikuwa anamalizia kufunga nondo za kuta. Nilimwamkia shangazi, akaitikia, akauchukua mchoro wangu na kuutazama kwa muda mrefu.

"Ngazi yangu iko wapi?"

Nilimuuliza ngazi ya nini.

"Ya kushukia. Kila Shaabani nnamwaga maji yote, nnaingia mwenyewe na brashi, nnasugua mpaka chini. Au wataka watu wafuturu kwa maji ya mwaka mzima?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Katika wiki zote tatu sikuwahi hata mara moja kulimwaga tangi langu. Kwenye programu lilikuwa limejaa daima, na maji yale ndiyo yaliyokuwa yakiusaidia ukuta kuurudisha udongo nyuma. Siku msaada huo utakapoondolewa, shangazi atakuwa chini mle na brashi yake. Na Ramadhani haikai mahali pamoja, wala Shaabani inayoitangulia. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi hivi. Shaabani ya sasa inaangukia kwenye jua. Itafika miaka itakapoangukia kwenye vuli, na mingine kwenye masika, kinamo kimeshiba maji na kimekuwa kizito maradufu. Mimi, niliyefunga kila mwaka tangu utotoni, sikulikumbuka hilo.

Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Watu wa kuchanganya zege walikuwa wameshaambiwa wafike asubuhi. Nilijiambia huenda ukuta utastahimili, nikahesabu wangapi watajua.

Nilikaa barazani nikafungua kompyuta. Niliyaondoa maji, nikaulowesha udongo. Katikati ya ukuta pakawa pekundu.

Fundi, mtu wa bara aliyehamia hapa zamani na asiyejua kuficha mzaha, aliniinamia begani.

"Tangi halijajengwa, nawe umeshaliangusha?"

Nikamwambia zege lisimame. Akaweka koleo lake chini na kuuliza, sasa bila mzaha, ukuta unataka nini.

"Sijui," nilisema.

Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu anayesubiri jibu. Shangazi hakunikemea. Alikwenda kuwapigia simu watu wa zege wasije.

Kesho yake nilipeleka mchoro kwa mhandisi mmoja wa mjini, aliyesomea kazi hii. Kabla hajaketi aliuliza, "Na likiwa tupu?" Swali ambalo wiki tatu sikujiuliza, kwa maneno matatu. Aliongeza safu ya pili ya nondo, upande wa ndani, akaifanya sakafu iwe nene ili tangi tupu lisiinuliwe na maji ya ardhini. Ngazi nilichora mimi. Zege lilimwagwa baada ya wiki mbili.

Shaabani ya kwanza nilikuwepo. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi na udongo ulikuwa umekauka, kwa hiyo ulikuwa mtihani mwepesi; ule mgumu ulikuwa bado haujafika. Nilijua hivyo, lakini nilipiga magoti kwenye mdomo wa tangi nikisikiliza brashi ya shangazi. Iliponyamaza nikamwita.

"Naam," akaitika kutoka chini.

Nikangoja kidogo, nikamwita tena.

"Naam. Mara hii una haja gani?"

Sikuwa na haja yoyote. Nikamwambia anipishe, nishuke nimalizie kusugua mimi.