Kufuli la Kabati la Chumvi

Wagonjwa wa wodi ya wanaume ndio waliompa jina la Bi Chukuchuku, na kusema kweli hawakumsingizia. Miaka ishirini na miwili alipika katika jiko la hospitali, na sufuria yake ilikuwa ile nyeupe, ya wagonjwa wa moyo, figo na shinikizo la damu. Humo haikuingia chumvi, wala haikuingia kitu kingine chochote: viazi na maji, samaki na maji, mboga za majani na maji. Mgonjwa akifunua sahani yake anaguna, halafu anamuuliza mwenzake wa kitanda cha pili kama huyo mpishi kagombana na dunia. Yeye akisikia anacheka. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na mdomo wake, na lile jina alilizoea mpaka akawa analiitikia.

Lakini usije ukadhani hajui kupika. Thubutu. Nyumbani kwake akikaanga kitunguu tu, majirani wanakumbuka ghafla kwamba kiberiti kimewaishia, wanakuja kuazima mmoja mmoja. Tatizo lilikuwa sheria ya pale jikoni, aliyoikuta siku ya kwanza ya kazi: sufuria nyeupe haitiwi kitu na haionjwi. Aliyeiweka alikuwa mpishi mkuu wa zamani, na alikuwa na sababu ya maana. Wapishi sita, sufuria sita, mikono inapishana juu ya moto tangu alfajiri. Mkiruhusiana kutia kidogo hiki na kidogo kile, iko siku mtu atatia kisichotakiwa na mgonjwa alipie. Mzee yule alistaafu, sababu akaondoka nayo, sheria ikabaki. Bi Chukuchuku akaja kuielewa kwa namna yake: chakula cha mgonjwa ni dawa, na dawa haiwi tamu. Ukiona imekuwa tamu, ujue kuna mtu kaiharibu.

Mumewe alikuwa fundi kufuli. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, kidogo hata ukipiga chafya unagusa kuta zote. Funguo zilining'inia kwenye misumari, jiliwa la kubania vyuma lilikuwa mlangoni kwenye mwanga, na yeye nyuma yake, mrefu, mwembamba, nyusi zimejaa unga wa shaba. Hakuwa msemaji sana. Utani wake ulikuja polepole, watu wakishamaliza kucheka ya wengine, na ndio uliokuwa unawavunja mbavu. Yeye alimwita mkewe Mpishi, mke akamwita Fundi, na hivyo ndivyo walivyoitana tangu uchumba.

Fundi alikuwa na mwiko mmoja, na mtaa mzima waliujua. Hafungui kufuli la mtu mpaka mwenyewe awe amesimama pale. Siku moja alikuja bwana mmoja anataka afunguliwe chumba cha kaka yake, ana haraka, anatoa maelezo chungu nzima. Fundi akamvutia kigoda, akamwambia karibu, tumsubiri kaka. Walisubiri mchana kutwa. Kaka alipofika jioni ndipo Fundi alipochukua waya wake, na mlango ukafunguka kabla mtu hajapepesa. Mtu wa namna hiyo unaweza kumwachia nyumba yako na roho yako.

Basi mwaka ule miguu ya Fundi ikaanza kuvimba. Kwanza viatu vikambana, halafu ngazi nne za nyumbani zikawa zinamsimamisha katikati. Daktari akampima, akawaambia wote wawili kwamba moyo umetanuka na umechoka, lakini mtu anaweza kuishi nao miaka mingi akijitunza. Dawa asubuhi na jioni. Chumvi, basi tena.

Bi Chukuchuku alitoka pale amemshika mume wake mkono. Alimpenda mume wake, hilo liwekwe wazi, maana mbele ya safari utashawishika kumhukumu. Alifanya alichokijua kwa miaka ishirini na miwili: akaihamishia sufuria nyeupe nyumbani kwake. Na kwa kuwa alikuwa amewaona wagonjwa wanavyoficha vipakiti vya chumvi chini ya mito, akamwambia mumewe amletee kufuli la kabati.

Fundi aliliona jambo la kuchekesha. Alileta kufuli zuri la shaba lenye funguo mbili. Mmoja akampa mkewe, wa pili akautia kwenye bahasha, akaigundisha kwa gundi na kutia sahihi yake juu ya mdomo wa bahasha, kama alivyowafanyia wateja wote waliomwachia funguo za akiba. Mke akautundika wake shingoni.

"Hili nalifungua kwa kibanio cha nywele zako," Fundi alimwambia. "Lakini ni lako. Sitaligusa."

Wakaanza maisha hayo. Fundi alikula peke yake kwenye meza ndogo ya dirishani. Mke na binti yao, fundi cherehani aliyekuwa bado hajaolewa, walikula jikoni na mlango wameufunga, eti harufu isimtese. Na kweli ilikuwa huruma, maana mke hata kijiko alikiweka taratibu kisilie kwenye sahani. Upande wa pili wa mlango Fundi anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani, anatazama nje.

Hakuwa mtu wa kususa. Aliomba, tena kwa upole. Amchomee kitunguu basi, kiungue kidogo pembeni. Amtwangie kitunguu saumu. Amkamulie ndimu juu ya samaki. Mkewe akamjibu kuwa chakula cha dawa si sherehe. Fundi hakubishana. Ila kila Ijumaa akitoka kibandani alikuja na ndimu mbili, anaziweka mezani, anavua viatu. Mke anazichukua, anazitupia kwenye kikapu juu ya kabati. Mara nyingine mume alimwambia njoo tule wote leo, hata hicho hicho changu. Yeye anachoka, katoka kusimama kwa saa tisa nzima mbele ya moto, anasema kesho, Fundi. Hiyo kesho sijui ilikuwa inakaa wapi.

Miezi ikapita, Fundi akakonda shingo mpaka kola ikawa inamzunguka, lakini miguu ikavimba upya. Wakarudi kliniki. Daktari akachukua damu na mkojo vipimwe, akakunja uso, akauliza kama kuna chumvi inayoingia mahali bila wao kujua. Lilikuwa swali tu, tena la wote wawili. Bi Chukuchuku akalisikia kama jibu.

Walipofika nyumbani, binti yao akiwa amekaa pale pale na cherehani yake, akamgeukia mumewe.

"Umelifungua, Fundi."

Fundi alikuwa ameinama anavua kiatu. Alikaa hivyo hivyo, mkono juu ya kamba.

"Miaka thelathini unanijua," alisema, "halafu unaniuliza hilo?"

"Sikuulizi. Nakwambia."

Binti anasema baba yake aliangalia ule ufunguo shingoni mwa mama yake kwa muda, kisha akavaa kile kiatu tena, akatoka, akaenda kukaa kibandani kwake ingawa alikuwa ameshakifunga. Mtu unaweza kumnyima chumvi akakaa. Hilo la kumwita mvunja kufuli mbele ya mtoto wake, yeye, hilo lilikuwa kubwa mno.

Tangu siku ile Fundi alimaliza chakula. Chote, hadi kijiko cha mwisho, na sahani akaipeleka mwenyewe jikoni. Hakuomba kitunguu. Hakumwambia mtu njoo tule. Ijumaa ikafika, ndimu hazikuonekana, na iliyofuata pia. Na mkewe, jamani, alifurahi. Aliwaambia wenzake kazini kwamba yule mzee sasa ameshika adabu, anakula kama mgonjwa anavyotakiwa kula. Sahani tupu ndiyo kipimo walichokuwa nacho pale jikoni, na sahani ilikuwa tupu.

Wiki ya saba, saa nne asubuhi, muuza miavuli wa jirani alimkuta Fundi kaegemea ukuta wa kibanda chake, tupa ya kuchongea funguo bado iko mkononi, unga wa shaba magotini. Alidhani kasinzia.

Walizika. Watu walikuja wengi, kila mmoja na hadithi ya mlango wake. Arobaini ilipopita binti alikwenda kukifunga kibanda, akarudi na boksi la bahasha za funguo za akiba, ili azirudishe kwa wenyewe. Alikuwa anazisoma moja moja pale mezani. Akamsogezea mama yake bahasha moja. Imeandikwa kwa ule mwandiko wa Fundi wa kusimama: Mpishi, kabati la jikoni. Gundi haijabanduka. Sahihi imepita juu ya mdomo wa bahasha, mzima, haujachanika hata kidogo.

Bi Chukuchuku aliigeuza huku na huku. Akasema waya wa kufungulia alikuwa nao, ufunguo wa nini. Binti aliinuka akaenda kuchungulia cherehani yake ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Lakini lilimwingia. Asubuhi akavaa, akaenda kwa daktari kabla ya zamu, kisingizio anarudisha dawa zilizobaki. Akauliza moja kwa moja, mumewe alikuwa anakula chumvi kiasi gani. Daktari alilitafuta faili, akasoma, akasoma tena. Akamweleza kwamba majibu ya mkojo yalikuja wiki moja baadaye, hakuna aliyerudi kuyachukua, na yalionyesha chumvi kidogo sana. Kati ya wagonjwa wake wote hakuwa na aliyefuata masharti kama yule bwana. Uvimbe ulitokana na moyo wenyewe, ulikuwa umefika mwisho wa nguvu zake. Kilichomsikitisha yeye ni kwamba bwana yule alikuwa amekonda kwa kutokula, na mwili usiokula hauna cha kupigania. Alikuwa amemwandikia aende kwa mshauri wa lishe. Alikwenda?

Hakuwa amekwenda. Kile kikaratasi kilikuwa ndani ya faili bado, na mke hakukumbuka hata kama walikiona siku ile. Siku ile alikuwa anafikiria kufuli.

Chumba cha mshauri wa lishe kilikuwa hatua kumi kutoka jikoni kwake. Miaka miwili yeye na mshauri huyo, msichana mdogo, walikuwa wanasalimiana kwenye korido, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila mtu na njia yake. Bi Chukuchuku aliingia akiwa na aproni tayari, akauliza mtu wa moyo anaruhusiwa kula nini. Yule mshauri akaanza kumtajia: ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, nyanya, majani yoyote ya kunukia, kitunguu hata akichome. Chumvi ndiyo asiguse, na vitu vyenye chumvi.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mama. Karatasi si niliwaletea, nikaibandika ukutani kwenu?"

Ilikuwepo kweli. Ilikuwa nyuma ya rafu ya trei, imeingia mvuke mpaka imekunjamana, na mtu alikuwa ametundika taulo juu yake. Bi Chukuchuku aliisoma yote akiwa amesimama, na wenzake wakawa wanapita nyuma yake na masufuria wakimwambia samahani, samahani, naomba njia. Kitunguu kilikuwa kimeandikwa. Ndimu ilikuwa imeandikwa ya kwanza kabisa.

Jioni alifika nyumbani, hakukaa. Akachemsha samaki na viazi vile vile, maji yale yale. Akaweka kitunguu juu ya moto, kikaungua pembeni. Akatwanga kitunguu saumu. Kisha akapanda kigoda, akateremsha kile kikapu cha juu ya kabati. Ndimu zilikuwa zimekauka, zimekuwa za kahawia, ngumu kama kokwa. Alizikata zote. Nyingi hazikuwa na kitu. Tatu zilikuwa bado na maji kidogo, akayakamua juu ya samaki mpaka vidole vikamuuma. Kabati la chumvi hakulifungua, na ufunguo ulikuwa shingoni.

Akamwita bintiye waje wakae kwenye meza ndogo ya dirishani. Binti aliangalia kiti cha baba yake, akaenda kuleta kigoda. Sahani ilikuwa moja, katikati. Binti akaonja, akasita, akaonja tena.

"Mama, hiki hakina chumvi?"

"Hakina."

Binti akaweka kijiko chini, akafunika uso kwa mikono yake miwili, akalia bila kujizuia.

Bi Chukuchuku alikuwa bado hajaonja. Njia nzima kutoka kazini, na wakati wote wa kukata zile ndimu, alikuwa anaomba chakula kile kiwe kibaya. Kingekuwa kibaya, angalau lingebaki jambo moja ambalo hakumkosea mume wake. Akachota, akatia mdomoni. Kilikuwa kitamu, tena kitamu hasa, na kukipika kulikuwa kumemchukua dakika ishirini.